Siku nzima nipo kazini, jioni sioni nilichofanya

SWALI

Shikamoo mama,

Nimekuwa msomaji wako wa muda mrefu, leo zamu imenifika mimi. Nina miaka 36, nafanya kazi kwenye kampuni ya uwakala wa forodha hapa Kurasini, Dar es Salaam. Nilianza kama kijana wa kupeleka nyaraka, nikaingia ofisini, nikawa deklaranti. Kwa miaka yote hiyo kazi yangu ilikuwa kuandaa kadhia, yaani tamko la mzigo kwa forodha: unapokea hati ya shehena, ankara na orodha ya vifurushi, unapanga namba za HS (namba za kuainisha bidhaa kwa ajili ya ushuru), unaingiza kwenye mfumo, unafuatilia makadirio ya ushuru, mteja analipa, rilizi, yaani ruhusa ya kutoa mzigo, inatoka. Sijisifu, lakini kazi nilikuwa naijua. Wateja walikuwa wanapiga simu mapokezi wakiulizia jina langu.

Mwaka jana meneja wa operesheni aliacha kazi na bosi akaniweka mimi. Mshahara umepanda, nimepewa chumba chenye ukuta wa kioo, na nina watu tisa chini yangu.

Mama, tatizo langu naona aibu hata kuliandika. Sifanyi kazi. Nafika saa moja na nusu asubuhi, sikai, sili kwa raha, simu haiondoki sikioni, lakini kazi sifanyi. Nikupe Jumanne iliyopita. Nilikuwa nimepanga kusoma mkataba wa mteja wa Lubumbashi anayetaka tumpitishie mitambo kwa njia ya Tunduma. Kabla kompyuta haijawaka, dereva kapiga: kontena limezuiwa getini bandari kavu, D.O. (hati ya wakala wa meli ya kuruhusu mzigo uchukuliwe) imeisha muda. Simu hiyo haijakatika, keshia kaingia na vocha za peti keshi nisaini. Nyuma yake binti wa mapokezi: kuna mteja, amefura. Nikarudi mezani, nikakuta vikundi vya WhatsApp vimejaa. Kimoja cha madereva, kimoja cha wateja wakubwa, kimoja cha ofisi, kimoja cha bosi na sisi mameneja. Saa nne kikao. Saa nane kikao kingine cha kujadili tuliyoyasema saa nne. Watu wanaondoka jioni, mkataba wa Lubumbashi bado uko ukurasa wa kwanza.

Zamani jioni nilikuwa najua moja: leo kadhia sita zimetoka. Ziko kwenye mfumo, zina namba, nikitaka naweza kuzionyesha. Siku hizi mke wangu akiniuliza habari za kazi namjibu "nzuri tu", maana sina cha kumsimulia.

Basi nimejitafutia dawa. Ofisi ikifungwa nabaki, nachukua kadhia moja au mbili ngumu za vijana naziandaa mwenyewe. Mama, yale masaa ya usiku ndiyo raha yangu pekee iliyobaki kazini. Asubuhi vijana wanakuta kazi imekwisha, wengine wananishukuru. Ila kuna binti mmoja, mwenye akili kuliko wote, juzi aliniambia, "Bosi, ile ya vipuri ilikuwa yangu." Nikacheka, nikamwambia nimekupunguzia mzigo. Yeye hakucheka.

Bosi mwenyewe anasema nina bidii. Rafiki yangu ambaye ni meneja benki ananishauri nijifungie kila asubuhi hadi saa nne, simu nizime, mlango nifunge, nifanye "kazi ya maana". Nilijaribu. Tulilipia gharama za kuhifadhi kontena bandarini kwa sababu siku za bure zilipita na hapakuwa na mtu wa kuidhinisha malipo.

Je, mimi si mtu wa umeneja? Au mameneja wote wanajidanganya hivihivi?

Meneja wa Kioo,
Kurasini

JIBU

Marahaba mwanangu.

Nianzie mwisho. Jumanne yako haina ugonjwa wowote. Ndivyo siku ya meneja ilivyo, na si ya Kurasini peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kulikuwa na kijana wa Kanada akisoma Marekani, Henry Mintzberg, aliyeamua kuacha kuwauliza wakuu wa taasisi wanafanya nini, akaenda kukaa nao awaone. Aliwafuata watano, kila mmoja kwa wiki nzima, akiandika kila simu, kila barua, kila mtu aliyebisha hodi. Nusu ya shughuli zao hazikufika dakika tisa. Zilizovuka saa moja zilikuwa kama moja katika kumi. Wakati ule hakuna WhatsApp wala barua pepe, na hao walikuwa wakubwa wenye makatibu muhtasi wa kuwalinda mlangoni. Wewe mlango wako ni kioo.

Kwa hiyo acha kungoja siku itulie ndipo uanze kazi. Haitatulia. Kontena lililokwama getini halikukatishi kazi, ndiyo kazi yenyewe iliyokuja kukutafuta. Ndiyo maana ushauri wa rafiki yako wa benki, ambao pengine unamfaa yeye, kwako uliishia kwenye gharama. Tena tazama vizuri kilichoharibu. Kufunga mlango hakukuwa kosa, ila ulijifungia pamoja na idhini ya malipo. Ungemwachia mtu mmoja ruhusa ya kusaini hadi kiwango fulani, kontena zingetoka na wewe ungesoma mkataba wako.

Sasa turudi kwenye Jumanne hiyo, maana nimeisoma zaidi ya mara moja na ndani yake kuna vitu vya aina mbalimbali umevitia kapu moja.

D.O. iliyoisha muda. Hukuniambia iliishaje, lakini nadhani ulipiga simu kwa wakala wa meli, ukaomba, ukabembeleza, ikaongezwa siku, kontena likatoka. Pengine uliona umeokoa jahazi. Lakini mwanangu, D.O. ina tarehe imeandikwa juu yake. Kwa nini wa kwanza kujua kwamba imeisha awe dereva aliyesimama getini? Kazi ya meneja hapo haikuwa ile simu. Ilikuwa dakika ishirini za baadaye, za kukaa na vijana na kuweka orodha moja ya kontena zote zilizo bandarini na bandari kavu: D.O. inaisha lini, siku za bure zinaisha lini, na jina la mtu mmoja anayeikagua kila siku saa tisa alasiri. Nakubali, dakika hizo hazina utamu wa simu ya kuokoa. Hakuna anayekupigia makofi kwa kontena ambalo halikukwama. Ila usipozitoa, simu ile utaipiga tena wiki ijayo, na ile nyingine, na utaendelea kuamini kwamba una kazi nyingi.

Vocha zipe saa zake, asubuhi mara moja na mchana mara moja. Keshia atanuna kwa muda, kisha atazoea. Mteja aliyefura ni wako, nenda ukamsikilize mwenyewe na usimtume mtu. Kikundi cha madereva kiachie msimamizi wa usafirishaji, utoke humo kabisa. Ukibaki "kwa ajili ya kujua tu" madereva wataendelea kukuandikia wewe na kumruka yeye. Kikao cha saa nane kifute.

Kuhusu vikao, niruhusu nitoe la moyoni. Katika ofisi zetu kukaa kikaoni kunahesabika kuwa kazi hata kama hakuna lililoamuliwa. Watu wanafungua madaftari, chai na sambusa zinapita, mwenyekiti anashukuru kila mtu kwa "michango mizuri", tunaondoka tumechoka kana kwamba tumebeba mawe. Lakini usiende upande wa pili ukadhani kila kikao ni hasara. Maprofesa wawili wa Harvard, Michael Porter na Nitin Nohria, waliwafuatilia wakurugenzi wakuu 27 wa makampuni makubwa kwa wiki 13 kila mmoja, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2018 yalionyesha kwamba asilimia 72 ya muda wao wa kazi ilikwenda kwenye vikao. Kuongoza kunapitia midomoni na masikioni, hilo halikwepeki. Mimi nina kipimo kimoja tu: kikao kikiisha, je, kuna mtu anayetoka pale akijua atafanya nini tofauti na alivyokuwa atafanya? Kama hayupo, kile hakikuwa kikao.

Unabaki mkataba wa Lubumbashi. Katika yote ya Jumanne, huo ndio pekee uliohitaji masaa mawili ya utulivu, na ukaupa asubuhi, wakati ambapo bandari inaamka na kila dereva ana shida. Upangie alasiri ya siku yenye unafuu, toka kwenye hicho chumba cha kioo, nenda kakae mahali wasipokuona. Na yule mwenye idhini awe amebaki ofisini.

Hayo ni mepesi. Sasa hizo kadhia za usiku, hapo nitakuwa mkali kidogo, unisamehe.

Unaita dawa. Naelewa utamu wake: nyaraka ziko mezani, mfumo unakupokea, unabonyeza, namba inatoka, unaona ulichofanya. Umeneja hauna namba ya hivyo. Lakini ile raha unaitoa mfukoni mwa mtu mwingine, na huyo mtu amekwambia kwa mdomo wake. "Ile ya vipuri ilikuwa yangu." Hakuwa analalamikia mzigo, mwanangu. Alikuwa anadai mali yake.

Wewe unajua kuliko mimi kadhia ya vipuri ina nini ndani. Kontena moja, vitu chungu nzima, kila kimoja na namba yake ya HS, na kwenye ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki tofauti ya namba inaweza kumtoa mteja kwenye asilimia 10 ikamtupa kwenye 25. Deklaranti hulijua hilo kwa kukosea kidogo, kuulizwa na afisa wa forodha, kurudi kwenye kitabu cha ushuru, kubishana kwa hoja, kushinda au kushindwa. Wewe ulilijua hivyo hivyo. Yeye alikuja asubuhi akakuta jibu limekwishaandikwa. Hakuna alichojifunza isipokuwa kwamba bosi wake hamwamini, hata kama wewe hukuwa na nia hiyo.

Teresa Amabile, naye wa Harvard, na wenzake walikusanya shajara za kila siku za wafanyakazi 238, karibu maandiko 12,000, wakitafuta ni nini hasa kinachomfanya mtu aione siku yake ya kazi kuwa njema. Kilichoongoza hakikuwa bonasi wala sifa. Ilikuwa kusogea mbele katika kazi yenye maana kwake, hata kama ni hatua ndogo. Ni kile kile ulichokuwa unakipata zamani kwa kadhia zako sita, na ndicho unachokililia sasa. Basi kila usiku unapoketi na faili la kijana wako, unachukua siku yake njema unaifanya yako. Na wewe una mshahara wa meneja, yeye hana.

Kuna hatari nyingine ya kibiashara ambayo bosi wako bado hajaiona kwa sababu anaona taa tu inawaka usiku. Kampuni ina kadhia ngumu ambazo mtu mmoja ndiye anayeziweza, na mtu huyo ni meneja wake. Ukiugua malaria wiki moja itakuwaje? Yule binti akipata kazi kwa jirani, na wenye akili hawachelewi kupata, utabaki na wale wanaokushukuru kwa kuwafanyia kazi zao. Mpishi mkuu wa shughuli akikaa chini kumenya vitunguu kwa sababu mikono yake inapenda kisu, sufuria tano zinaungua nyuma yake, na vitunguu vimemenywa vizuri sana.

Andy Grove, aliyeiongoza Intel, kampuni ya Marekani ya vichakato vya kompyuta, miaka ya 1980 na 1990, alikuwa na hesabu yake: pato la meneja ni pato la watu walio chini yake, pamoja na la wale wa jirani anaowagusa. Yale anayofanya kwa mkono wake mwenyewe hayamo kwenye hesabu, isipokuwa yanapoongeza pato hilo. Ukiipokea hesabu hiyo, zile kadhia sita hazijapotea. Sasa wako tisa wanaozitoa, na swali la jioni linageuka: leo wamefanya nini ambacho wasingekifanya kama nisingekuwepo? Mara nyingine jibu litakuwa "hakuna". Likiwa hivyo wiki nzima, hapo ndipo uwe na wasiwasi, si kwa sababu hukugusa mfumo.

Najua hesabu ya namna hiyo haishikiki jioni moja. Wewe umezoea kazi inayokupa jibu siku hiyo hiyo. Ukimfundisha mtu leo namna ya kusoma hati ya shehena yenye bidhaa mchanganyiko, faida utaiona baada ya miezi, na wakati huo yeye atadhani amejua mwenyewe. Kwa hiyo tafuta vitu vichache vinavyohesabika kweli, uvifuatilie kwa wiki badala ya kwa siku: kadhia ngapi zimerudishwa na maswali ya forodha, kontena ngapi zimevuka siku za bure, inachukua muda gani kutoka nyaraka kufika hadi kadhia kuingia kwenye mfumo. Viandike ukutani, si kwa ajili ya kuwatisha vijana, bali muone wote pamoja vikishuka. Nawe uwe na daftari lako dogo la jioni, mistari michache tu: leo nimeamua nini, nimemfungulia nani njia, nani amefanya jambo kwa mara ya kwanza bila mimi. Usiligeuze kuwa ripoti. Siku ambayo hakuna cha kuandika acha wazi.

Mkeo naye msimulie hayo. "Leo yule kijana mpya kabishana na afisa akashinda" ni habari nzuri kuliko namba za kadhia, ambazo nina hakika hakuwahi kuzifurahia kihivyo.

Kisha nenda kwa bosi wako. Nasoma barua nyingi kama yako na karibu zote zina kasoro hii: mtu amepandishwa kwa sababu alikuwa bora kwenye kazi ya awali, akapewa chumba na funguo, hakuna aliyemwambia kazi mpya ni ipi. Akajaza mwenyewe, kwa kile anachokijua. Muulize bosi mambo mawili. La kwanza, mwisho wa mwaka akikaa kukupima, ni mambo gani matatu yatamfanya aseme umefanya vizuri? Akijibu "bidii", mwombe kwa adabu aendelee. La pili, nani mwingine anaweza kuidhinisha malipo, na hadi kiasi gani? Nenda na pendekezo lako tayari, la jina na kiwango, usimwachie afikiri mwenyewe. Wenye makampuni ya ukubwa wenu wana wivu na sahihi, na hapo ndipo utajua kama umepewa umeneja au umepewa cheo.

Je, wewe si mtu wa umeneja? Kwa barua moja siwezi kukuhukumu. Mtu anayekumbuka kwamba binti hakucheka ana kitu ambacho mameneja wengi hawana. Lakini sitaki kukudanganya pia: wapo watu ambao raha yao iko kwenye kadhia yenyewe, na wataikosa maisha yao yote wakiitwa bosi. Si aibu. Kampuni ya forodha inamhitaji mtu wa kuombwa ushauri kwenye mizigo migumu, na wapo waliofika mbali kwa kufundisha mawakala wapya wanaosomea cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha na uchukuzi. Jipe miezi sita ya kuufanya umeneja kweli kweli, bila ile dawa ya usiku. Faili moja kwa wiki unaruhusiwa, ila ushike kiti cha pembeni na kijana mwenye faili ashike kipanya. Baada ya hapo, kama bado unatamani meza yako ya zamani, mwambie bosi mapema, kabla hajaona mwenyewe.

Yule binti usimsubirishe miezi sita. Mwite kesho, mwambie alichosema kilikuwa sahihi, mpe mzigo mgumu unaofuata kuanzia hati ya kwanza hadi rilizi, na mteja umtambulishe kwake. Akikwama atakuja. Akija, muulize yeye anaonaje kabla hujamjibu, hata kama jibu linakuwasha ulimini.

Ukishaongea na bosi niandikie amesemaje kuhusu ile idhini ya malipo. Kuna wasomaji wenzako si haba waliokwama hapo hapo, na ningependa kujua ni hoja ipi iliyomlainisha.